Mjomba anagombea, hazina nimepewa mimi: niandike nini, nikatae nini?

*“Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 29, nina diploma ya uhasibu na nafanya kazi kwenye saccos ya walimu. Jimbo letu la vijijini hapa Tanzania liko wazi, uchaguzi mdogo unakuja, na mjomba wangu anataka kugombea ubunge. Ukoo umekaa ukaamua niwe mweka hazina wake kuanzia kura za maoni za ndani ya chama. Pesa zimeshaanza kuingia kwenye simu yangu: huyu elfu ishirini, yule laki. Mkandarasi mmoja anayetengeneza barabara za TARURA, ule wakala wa barabara za vijijini na mijini, wilayani kwetu ameahidi lori la matangazo, fulana 500 na mafuta, ila hataki jina lake liandikwe popote, eti ‘si hela, ni msaada tu’. Binamu yetu aliyeko Uingereza naye anataka kutuma pauni. Nilipomwambia mjomba kwamba lazima tuandike, alicheka. Anasema zile fomu za gharama hujazwa usiku mmoja kabla ya kurudishwa na hakuna anayezisoma. Rafiki yangu wa Mombasa ananiambia kwao hata kikomo cha matumizi hakuna. Je, nijisumbue? Nikiandika kila kitu nitamwangusha mjomba? Na nisipoandika, nitakayefungwa ni mimi?”*

Marahaba, mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na ninachokiona ndani yake ni hofu tatu zilizofungwa kwenye furushi moja: unaogopa sheria, unaogopa kumuudhi mjomba, na unaogopa huyo mkandarasi ingawa hujasema hivyo. Nitaanza na sheria kwa sababu ndiyo nyepesi kuliko zote. Mkandarasi nitamwekea nafasi kubwa, maana kazi yako imelalia hapo.

Tanzania ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Namba 6 ya mwaka 2010. Rais Jakaya Kikwete aliitia saini Machi mwaka huo, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Msimamizi wake ni Msajili wa Vyama vya Siasa, na wenye kazi ya kuwafuatilia watoa rushwa ni TAKUKURU. Ilifanyiwa marekebisho mwaka 2024, mwaka ule ule tulipopata Sheria mpya ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, kwa hiyo usitumie nakala ya zamani iliyolala kwenye kabati la ofisi ya chama. Omba iliyo na marekebisho.

Jambo la kwanza ambalo mjomba wako amelikosea ni muda. Wengi wanadhani sheria hii inaanza siku kampeni inapozinduliwa kwa ngoma na matarumbeta. Sivyo. Inaanza ndani ya chama, kwenye mchakato wa kumpata mgombea. Mwaka 2010, sheria ikiwa bado mbichi, TAKUKURU waliwakamata watia nia kwenye kura za maoni, kabla hata fomu za Tume ya Uchaguzi hazijatolewa. Kwa hiyo ile laki iliyoingia kwenye simu yako wiki iliyopita imo tayari ndani ya hesabu.

La pili ni maana ya neno gharama. Watu husema, “Hizi ni pesa zangu, nimeuza ng'ombe wangu, nimtangazie nani?” Mgombea anatakiwa aeleze fedha alizonazo, anazotarajia kuchangiwa na anazokusudia kutumia. Ng'ombe wa mjomba wamo. Na gharama si noti peke yake. Lori lililoazimwa, fulana, mafuta, turubai, jukwaa, spika, chumba cha wageni ambacho mwenyewe amekataa kulipwa, vyote ni rasilimali zilizotumika kumtafutia mtu kura. Mkandarasi anaposema “si hela” anatumia lugha ya kijiweni. Sheria haimfuati huko.

Tufanye hesabu ndogo, kwa bei za kukisia ambazo utazirekebisha kwa bei za kwenu. Tuseme lori lenye spika na dereva linakodishwa laki mbili kwa siku, na ameahidi siku 20: hiyo ni milioni nne. Fulana 500 kwa elfu nane kila moja ni milioni nne nyingine. Mafuta lita 600 kwa shilingi 3,000 ni milioni moja na laki nane. Jumla ni milioni tisa na laki nane. Sheria ya 2010 iliweka alama mbili za kutolea taarifa ya mchango: unaozidi milioni moja kutoka kwa mtu binafsi, na unaozidi milioni mbili kutoka kwa taasisi au kampuni. “Msaada tu” wa mkandarasi wako umezivuka zote mbili kabla lori halijawashwa.

Juu ya hapo kuna kikomo cha matumizi. Waziri mwenye dhamana hutangaza kwenye Gazeti la Serikali kiwango cha juu, akizingatia aina ya mgombea, ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano. Kiwango cha jimbo lenu kitafute kwenye tangazo lenyewe, usikichukue mdomoni mwa mpambe. Milioni tisa na laki nane za vitu nazo zinahesabiwa humo. Mgombea anaweza kuvuka kikomo bila kugusa noti hata moja, na wengi huvuka hivyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na daftari la vitu.

Sasa huyo mkandarasi. Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye biashara methali hiyo inahusu mali inayopotea. Kwenye siasa daftari linapokosekana kinachopotea ni kumbukumbu ya nani anamdai nani, na mdai asiyeandikwa hasahau kamwe.

Nikupe kisa nilichokiona mwenyewe. Niliwahi kuitwa kusaidia kupanga hesabu za mgombea mmoja wa udiwani baada ya kushinda. Nilikabidhiwa boksi la viatu lililojaa vipande vya karatasi, baadhi vimelowa. Katika wiki mbili walikuja watu watatu tofauti, kila mmoja akisema ndiye aliyelipia jukwaa na vyombo vya mkutano wa kufunga kampeni. Hapakuwa na stakabadhi hata moja. Diwani hakujua yupi ni mkweli, akaogopa kuwaudhi wote, akawakubali wote watatu. Mmoja alitaka kibanda sokoni. Wa pili alitaka mwanawe apewe kazi ya kukusanya ushuru. Wa tatu alisema hataki kitu, “nitakuja tu siku nikiwa na shida,” na huyo ndiye aliyemkosesha usingizi kuliko wote. Jukwaa moja lilimgharimu mtu yule miaka mitano ya kukwepa simu.

Ndiyo maana huyu wako asiyetaka kuandikwa ananipa wasiwasi kuliko fomu yoyote ya Msajili. Jiulize anataka nini. Mbunge hatoi zabuni za barabara, TARURA wana mfumo wao wa manunuzi na hilo mkandarasi analijua vizuri kuliko sisi. Lakini mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Ndiye anayesimama bungeni au kwenye kikao cha wilaya kuuliza kwa nini barabara iliyokabidhiwa Machi imekatika Aprili. Ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, unaonunua saruji, mabati na madawati. Mtu wa namna hiyo hahitaji kupewa zabuni ili alipwe fadhila yake. Unaweza kumlipa kwa kunyamaza tu: daraja likibomoka, mjomba wako ataangalia pembeni. Na wanakijiji watakaovuka mto huo kwa miguu, watoto mabegani, hawatajua kwamba ukimya ule ulinunuliwa kwa fulana 500.

Hapo ndipo ilipo maana ya kutangaza. Fomu haizuii mtu kuchangia. Inachofanya ni kuufanya mchango uonekane, ili siku mbunge anaposhindwa kuuliza swali, awepo mtu anayeweza kumuuliza yeye kwa nini hakuuliza. Mchangiaji mwenye nia njema haoni hasara katika hilo. Anayekataa jina lake liandikwe amekwisha kukueleza thamani anayoiona katika giza.

Ushauri wangu juu ya mkandarasi una ngazi tatu. Iliyo salama kuliko zote ni kukataa kwa adabu, na kwa kuwa mkataba wake wa barabara uko ndani ya jimbo hilo hilo na bado unaendelea, mimi ningekataa. Najua itauma. Milioni tisa na laki nane kijijini ni fedha nyingi, na mpinzani wenu huenda ana malori matatu. Ngazi ya pili ni kupokea kwa maandishi: barua ya kuchangia yenye jina la kampuni, orodha ya vitu, bei ya soko ya kila kimoja na saini yake, kisha thamani hiyo iingie kwenye tamko la gharama na kwenye kikomo. Hilo linakubalika, lakini liwe wazi kwa mjomba kwamba jina hilo linaweza kusomwa siku moja na mtu asiyempenda. Ngazi ya tatu ni kumwelekeza achangie chama badala ya mgombea. Wengi huipenda kwa sababu inaonekana safi. Kuna unafuu, kwa kuwa chama kina akaunti zake, na hesabu za vyama hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ila usijidanganye: kama lori litatumika kwa mjomba wako peke yake, limetumika kwa mjomba wako, lipitie mlango gani vile.

Kupokea na kunyamaza sikuiweki kama ngazi. Hiyo ni shimo.

Kuhusu binamu wa Uingereza, kwanza nenda taratibu. Michango inayotoka nje ya nchi imewekewa masharti yake ya pekee kwenye sheria hii, na mengine yanahusu muda. Swali la kwanza ni pasi yake. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo kama alichukua uraia wa Uingereza, upendo wake kwa ukoo haumfanyi kuwa Mtanzania mbele ya sheria. Mweleze kwa upole asitume kitu chochote kwa sasa, wala asipitishe kwa shangazi ili ionekane imetoka Kibaha. Kupitisha fedha kwa jina la mtu mwingine kunageuza mchango wa kawaida kuwa uongo. Andika barua kwa ofisi ya Msajili, ueleze hali ilivyo bila kuficha, upate jibu kwa maandishi, ndipo mpokee au mkatae.

Rafiki yako wa Mombasa hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Kenya inayo Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi tangu mwaka 2013, na Katiba yao ya 2010 inaitaka tume ya uchaguzi, IEBC, isimamie kiasi cha fedha kinachotumiwa na mgombea au chama. Sheria hiyo ilisimamishwa isitumike kwenye uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 IEBC ilitangaza viwango, na kwa mgombea urais kilikuwa kama shilingi bilioni 4.4 za Kenya. Bunge la Taifa likazikataa kanuni zake, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo. Waliopiga kura ya kukataa walikuwa ni wabunge, watu wale wale ambao kikomo kingewabana. Hata hivyo Sheria yao ya Uchaguzi inawakataza wagombea kushiriki harambee ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu, na anayekiuka anaweza kukosa sifa. Kwa hiyo usipoona kikomo mahali, usidhani hakikuhitajika. Pengine waliotakiwa kukiweka ndio waliokuwa na sababu ya kukiogopa.

Sisi nasi tusijisifu sana. Kwetu kikomo kinawekwa na waziri, ambaye mara nyingi ni mgombea wa chama tawala. Msajili anateuliwa na Rais. Ripoti za gharama zinawasilishwa, lakini mwananchi wa kawaida wa jimbo lako akitaka kuiona ya mbunge wake, atapata kazi. Marekani, jina la mtu aliyemchangia mgombea wa kiti cha shirikisho zaidi ya dola 200 huwekwa wazi na tume yao ya uchaguzi, na yeyote anaweza kulitafuta akiwa nyumbani kwake. Hata wao, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu kabisa ya mwaka 2010, makampuni yanaweza kumwaga fedha bila kikomo mradi wasimkabidhi mgombea mkononi. Uwazi bila kikomo unakuonyesha mafuriko, hauyazuii. Kikomo bila uwazi, kama chetu, kinakuwa namba kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo mjomba anaposema hakuna anayesoma zile fomu, ana chembe ya ukweli, na sitakuficha hilo.

Lakini angalia lini zinasomwa. Zinasomwa pale mtu anapotaka kukuangusha: mpinzani anayetafuta pingamizi, aliyeshindwa anayefungua kesi ya kupinga matokeo, mjumbe wa chama chako mwenyewe aliyenyimwa nafasi, ofisa wa TAKUKURU aliyepigiwa simu. Fomu iliyojazwa usiku mmoja inalala salama mpaka siku hiyo, kisha inakuwa shahidi dhidi ya aliyeitia saini. Ukiandika vizuri, daftari lako ndilo kinga ya mjomba. Unaogopa kumwangusha kwa kuandika. Mimi nimeona wakiangushwa kwa kutoandika.

Niseme neno kuhusu takrima, maana hujaiuliza lakini itakufikia kabla ya mwisho wa mwezi. Utaambiwa wazee wanataka “kifuta jasho”, akina mama “hela ya sabuni”, vijana “hela ya soda”. Utaambiwa mkono mtupu haulambwi. Mwaka 2000 Bunge lilibadilisha sheria ya uchaguzi ya wakati ule ili ukarimu wa kawaida au wa kimila, kwa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika mengine mawili wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kukiuka Katiba. Hoja iliyonigusa ni ile ya usawa: takrima inamfaa mgombea mwenye kitu na kumwacha nje asiye na kitu. Tena nani angechora mstari, kwamba pilau hii ni ukarimu na ile ni hongo?

Kwa hiyo chakula, malazi na usafiri wa timu yenu ya kampeni ni gharama halali, viandike. Pilau ya mkutano wa hadhara, kanga za kugawa, bahasha kwa wajumbe wa kura za maoni, havimo. Usiviandike kwa jina la “mawasiliano” wala “maandalizi”. Usivilipe.

Pagumu ni msibani. Mjomba ni mtu wa pale, jirani akifiwa hawezi kwenda mikono mitupu, na hakuna sheria duniani itakayomfanya Mswahili aache kuzika. Lakini wewe na mimi tunajua tofauti ya mtu anayetoa rambirambi elfu kumi kama alivyotoa miaka yote, na anayetoa laki tano kwa kipaza sauti akiwa na wapambe wenye fulana. Ninavyomshauri mgombea ni hivi: rambirambi itoke mfukoni mwako, si kwenye hazina ya kampeni, iwe ya kiwango chako cha siku zote, isitangazwe, na kama familia ya marehemu inakutegemea kwa jeneza na usafiri, mwombe ndugu mwingine wa ukoo alibebe jambo hilo mpaka uchaguzi upite. Si jibu safi kabisa. Ndilo la uaminifu nililonalo.

Sasa kazi ya mikono, ambayo kwa mtu wa saccos haitakuwa ngumu. Kwanza ondoa pesa hizo kwenye simu yako leo. Mshahara wako, marejesho yako na michango ya mjomba vikikaa kwenye laini moja, siku taarifa ya miamala ikiombwa utashindwa kueleza ipi ni ipi, na hapo ndipo swali la “nitafungwa mimi?” linapoanza kuwa na maana. Fungueni akaunti ya benki ya kampeni yenye watia saini wawili, wewe na mtu mwingine asiye mjomba, na namba moja ya kupokelea michango. Zile zilizokwisha kuingia, zihamishe zote siku moja, na uandike karatasi inayoonyesha kila mtumaji, tarehe na kiasi. Waliotuma kimzaha waulize: ni mchango, ni mkopo, au ni deni alilokuwa akidaiwa na mjomba? Mkopo nao unaandikwa, na masharti yake.

Kitabu cha stakabadhi chenye kopi kwa kila kinachoingia, hata elfu mbili. Hati ya malipo kwa kila kinachotoka. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bodaboda, mama lishe na kijana aliyebandika mabango hawana risiti, na wengi hukata tamaa hapo wakaandika “matumizi mbalimbali milioni mbili”. Usifanye hivyo. Tengeneza karatasi ya malipo yenye jina, namba ya simu, kazi aliyofanya, kiasi na saini au dole gumba. Posho za mawakala siku ya kupiga kura zipangie karatasi yake mapema, maana asubuhi ile kila mtu atakuwa anakuita. Na uwe na daftari la pili, la vitu: nani katoa, nini, lini kimeanza kutumika, lini kimerudishwa, bei yake sokoni ni ipi, na umeipata wapi bei hiyo. Daftari hili la pili ndilo ambalo kampeni nyingi hazinalo kabisa.

Kila Jumapili jioni kaa na mjomba nusu saa, msome, atie saini ukurasa wa mwisho. Mgombea anayesaini kila wiki hawezi kusema baadaye kwamba alidhani mambo yako sawa. Tena atajua kikomo kimebaki kiasi gani kabla hajaahidi kitu jukwaani.

Swali lako la mwisho. Tamko la uongo ni kosa, na anayelitengeneza akijua ni la uongo hawezi kujificha nyuma ya maneno “niliagizwa na mkubwa”. Kosa la kujumlisha vibaya, ukiligundua na kulisahihisha kwa maandishi, ni jambo jingine kabisa. Mimi si wakili wako, kwa hiyo mambo matatu yakitokea usitegemee barua hii: ukiombwa kusaini kitu usichokiamini, ukiitwa na TAKUKURU hata kwa “mazungumzo tu”, au pingamizi likiwekwa dhidi ya mjomba kuhusu fomu za gharama. Hapo tafuta wakili siku hiyo hiyo. Kama uwezo ni mdogo, mashirika ya msaada wa kisheria yapo mikoani. Kwa maswali ya kawaida ya kujaza fomu, nenda mwenyewe kwa ofisa anayemwakilisha Msajili, ukiwa na kalamu, kabla ya wiki ya kurudisha fomu, kwa sababu wiki ile hakuna mwenye muda na mtu.

Na mjomba akikataa yote haya? Zungumza naye faragha, si mbele ya wapambe. Mweleze habari ya jukwaa na wadai watatu. Mwombe achague mwenyewe kati ya mkandarasi na daftari, wala usimchagulie. Akichagua mkandarasi asiyeandikwa, jitoe mapema, kabla fomu ya kwanza haijasainiwa, kwa barua fupi isiyomlaumu mtu. Kabidhi vitabu vyote mbele ya shahidi, hesabuni salio pamoja, kila mmoja asaini, na kopi moja ibaki kwako.